Bi Irmeli na Upande wa Kushoto Ulioachwa Wazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Manispaa, Bwana Urho Piippo, Mheshimiwa Kasisi Lempi Karppinen, uliyezibariki ndoa na misiba ya karibu kila mpiga gitaa aliyemo humu, ndugu wanamuziki, ndugu majirani mliotuvumilia, na wewe mgeni wetu wa heshima, Bi Irmeli Tolonen, unayeangalia mlango kana kwamba unapanga kutoroka: nawasalimu nyote kwa furaha kubwa.

Kwa wasionijua, mimi ni Marketta Heiskari, mpiga besi wa bendi ya Tervahauta. Najua wengi hamnijui. Mpiga besi ni kama msingi wa nyumba, watu humkumbuka siku ukuta ukipasuka.

Leo tunamuaga, anapostaafu, fundi mitambo wa sauti aliyekirekodi kizazi kizima cha muziki wa metali katika studio hii, iliyokuwa kiwanda cha maziwa. Wenzangu waliotangulia wamemsifu kwa bidii yake, na ni haki yake. Lakini je, bidii peke yake ndiyo iliyofanya vijana wa Oulu, wa Bergen na wa Dortmund watambue gitaa la mji wetu wa Kajaani kabla mwimbaji hajafungua kinywa? Hapana, ndugu zangu. Niruhusuni niwasimulie jinsi tulivyorekodi santuri yetu ya kwanza.

Tulikuwa wanne: mimi, marehemu Reijo kwenye ngoma, na magitaa mawili mikononi mwa ndugu wawili, Jalmari Kemppainen na mdogo wake Ilpo. Jalmari aliingia studio na amplifaya yake ikiwa na kila kitufe mwisho kabisa, isipokuwa cha sauti za kati, ambacho alikizima. Chumbani kwake sauti hiyo ilitisha. Humu, Reijo alipopiga ngoma tu, gitaa likamezwa lote.

"Limekwenda wapi?" Jalmari akauliza.

"Umelikata kiuno," Bi Irmeli akamjibu. "Gitaa linaishi katikati, na wewe umepaondoa. Na huo mkwaruzo wa sauti upunguze nusu."

"Nusu? Dada, huu ni muziki wa metali!"

"Na chumvi ni chumvi. Mama yako akiimwaga yote kwenye supu ya samaki, utaila?"

Akapunguza, huku akinung'unika. Bi Irmeli akaipeleka spika kwenye chumba baridi kilichokuwa cha jibini, akapiga magoti mbele yake na kuisogeza maikrofoni upana wa kidole, akasikiliza, akaisogeza tena. Katikati ya spika sauti ni kali kama msumeno, pembeni ni nzito na yenye giza. Yeye alitafuta mahali ambapo meno na kifua hukutana. Kisha akaniamuru mimi nipige pamoja na gitaa, noti kwa noti. Mheshimiwa Mwenyekiti, uzito ule mnaousifia katika magitaa ya Tervahauta, nusu yake ni mimi. Nimengoja miaka mingi kulisema hilo mbele ya mashahidi.

Basi, mambo yakawa mazuri, mpaka alipokuja Bwana Stenroos kutoka Helsinki, mwakilishi wa kampuni iliyotudhamini. Alikuwa mtu muungwana, ila alikuwa na haraka. Alisikiliza, akasema wazi mbele yetu: "Huyu mdogo anachelewa. Kila pigo yuko nyuma kwa unywele. Jalmari apige pande zote mbili, kulia na kushoto, tumalize."

Ilpo alimtazama kaka yake. Jalmari akatazama nyuzi zake. Ilpo akalifungia gitaa kwenye mkoba, akavaa kofia, akaondoka bila kuufunga mlango, na theluji ikaingia mpaka kwenye zulia.

Kesho yake akarudi kwenye kazi yake ya kiwanda cha mbao. Jalmari akapiga pande zote mbili, safi, bila kosa hata moja. Sote tukasikiliza. Gitaa lilikuwa safi, lakini ule ukuta wa sauti haukuwapo. Reijo akaweka vijiti vyake mfukoni, nami nikajua kwamba bendi imekufa, na kwamba wana hao wawili wa mama mmoja wangezeeka katika mji mmoja bila kusalimiana.

Bi Irmeli akachukua funguo za gari. "Marketta, twende."

Tulimkuta Ilpo kwenye uwanja wa magogo, saa ya chakula.

"Ingia garini," Bi Irmeli akamwambia.

"Ninakula."

"Ingia na mkate wako."

Akaingia. Bi Irmeli akaweka kaseti, akaongeza sauti. Kulia, gitaa la Jalmari likanguruma hadi kioo cha pembeni kikatetemeka. Kushoto, kimya.

Ilpo akasema, "Redio yako imekufa upande mmoja, dada."

"Haijafa. Upande huo nimeufuta. Ni wako."

"Mwambie kaka apige. Si ndiye fundi?"

"Amepiga. Mtu akijizidisha mara mbili hubaki mtu yule yule, ila amenenepa. Ukuta unataka watu wawili."

"Mimi nachelewa. Mzee wa Helsinki amesema."

"Unachelewa, ndiyo. Na kaka yako anawahi. Mimi nauhitaji mwanya huo, Ilpo. Upana wote wa wimbo umo humo."

Kijana akatafuna muda mrefu, akiwa amegeuza uso dirishani. Nilikuwa kiti cha nyuma. Niliyaona mabega yake yakitikisika, na nikajifanya natafuta glavu. Mwishowe akasema, "Natoka kazini saa tisa."

Alipofika, Bi Irmeli aliwaketisha ndugu hao uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana. "Sitaki salamu," akasema. "Pigeni." Wakapiga, kila mmoja akiangalia mkono wa mwenzake. Wimbo ulipoisha, Jalmari akakohoa.

"Nyuzi zako umezikaza?"

"Zilizolegea ni zako."

"Mpumbavu wewe."

"Nimerithi."

Wakacheka mpaka kicheko kikaingia kwenye mkanda, ikabidi turudie kurekodi.

Bwana Stenroos aliporudi alisikiliza akiwa amesimama, akaomba kusikia tena, akauliza: "Safari hii mmetumia kifaa gani?"

Bi Irmeli akamjibu: "Ndugu wawili."

Ndugu wageni, tangu siku hiyo bendi ngapi zimekuja humu zikitaka kununua kitufe chetu cha sauti hiyo, na ngapi zimeondoka zikiwa zimejifunza kusikilizana? Bi Irmeli, tunakushukuru kwa ukali wako, kwa kahawa yako isiyonyweka, na kwa kutomruhusu yeyote kati yetu kujificha nyuma ya kelele.

Sasa nakaribia mwisho. Vizibo vya masikio viko mlangoni. Mheshimiwa Kasisi, chukua viwili kwa kila sikio. Jalmari na Ilpo wamekwisha kuwasha amplifaya, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Na wewe, Bi Irmeli, uliyetusikiliza maisha yako yote kutoka nyuma ya kioo, leo hakuna kioo. Tumekuwekea kiti hapa katikati yao. Njoo uketi.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Ilpo, anza wewe.