Feni Iliyokaa Chini ya Kiti

Wasikilizaji wapendwa, leo tunakaa na jina moja: Mzee Adrisi Faraj, dereva wa lori. Amefariki Ijumaa nyumbani kwake Namakwekwe, Mbale, akiwa na miaka sabini na minane.

Watu wa barabara ya Jinja na Mbale walilijua lori lake kwa masikio. Feni yake ilivuma. Feni ya lori hukaa nyuma ya rejeta. Injini huizungusha, nayo huvuta upepo upite kwenye rejeta na kupoza maji. Mapanga yake hukata hewa. Dereva akikanyaga mafuta, mapanga yanakata kwa kasi zaidi, na ngurumo inafika mbali. Kwa Adrisi, ngurumo hiyo ilikuwa kengele. Abiria wakishuka kujisaidia vichakani, alikanyaga mafuta, nao wakarudi mbio.

Mwaka 1979 vita vilifika Jinja. Baba yake Adrisi alikuwa askari wa zamani wa serikali iliyokuwa ikiangushwa, na jamaa za askari hao walikuwa wakisakwa. Adrisi akampakia mama yake pamoja na dada yake Ramula, msichana wa miaka kumi na saba, awafikishe Mbale. Aliogopa ngurumo ile itawafichua. Akafungua boliti nne, akaitoa feni, akaiweka chini ya kiti.

"Kaka, lori lako limefunga saumu leo?" Ramula alimtania njiani. "Halisemi kitu!"

Walipokwenda kasi, upepo wa barabarani uliipoza injini. Lakini kwenye matope ya mto Mpologoma lori lilitambaa, na maji yakachemka. Ramula akachota dumu la kwanza kinamasini, wakalimimina kwenye rejeta. Akarudi kuchota la pili.

"Usiende mbali," Adrisi alimwambia. "Nitakuita."

"Utaniita na nini, Kaka? Feni umeikalia."

Akacheka, akaingia kwenye mafunjo.

Ndipo risasi zikalia upande wa daraja. Mama akasema, "Adrisi, endesha." Adrisi hakuthubutu kupaza sauti kumwita Ramula. Feni haikuwapo. Lori likaondoka kimya.

Siku ya tatu alirudi kwa miguu. Alilikuta dumu kando ya njia, limejaa maji. Ramula hakuonekana tena, wala kaburi lake.

Amani ikarudi, na feni ikarudi mahali pake. Kila safari, Adrisi alisimama Mpologoma, akakanyaga mafuta, akatazama mafunjo. Mjane wake, Bi Khadija, anasema: "Nilidhani anapoza injini. Mwaka wa nne wa ndoa yetu ndipo aliponiambia, 'Ninamwita.'"

Baadaye alinunua lori jipya. Feni yake ilikuwa na klachi: injini ikiwa baridi, inalegea na kunyamaza, ikipata moto, inashika na kuvuma. Mzee Adrisi alitaka klachi ifungwe ili feni ivume daima.

"Mzee, itakula mafuta bure," fundi Mafabi alimwonya.

"Mafuta ni yangu, Mafabi. Wewe funga."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bi Khadija, watoto na wajukuu. Sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Nanyi mnaosikiliza, mfikirieni yule mliyemwacha nyuma siku ya kukimbia.

Jana lori lilibeba mwili wa Mzee Adrisi kwenda Jinja kuzikwa. Mwanawe, Siraje, ndiye aliyeendesha. Walipofika Mpologoma, alisimama bila kuambiwa, akakanyaga mafuta. Feni ikavuma. Bi Khadija, aliyeketi kando yake, akaufungua mlango wa upande wake, akauacha wazi kwa muda, kana kwamba anamngoja mtu apande.

Kisha akaufunga.