Mzee Mitungi na Mtungi wa Mama

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Mitungi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Mimi ni binti yake wa kwanza. Baba mdogo amenisihi nisome mazuri tu. Yapo, nitayasoma.

Alisoma hadi darasa la nane, na mwaka 1965 akaajiriwa katika kiwanda cha vigae, kwenye tanuri. Huko alijifunza habari za ule utandu wa kioo unaochomwa juu ya udongo, na huko mhandisi mmoja alimwonyesha bakuli la kale la Kichina, la kijani cha majani machanga, lenye nyufa nyembamba ndani ya rangi. Tangu hapo hakupona. Kila alikoingia alipindua vyombo vya watu atazame kitako, maana pale udongo hubaki wazi bila rangi na umri wake hujulikana.

Mwaka 1973 alikwenda kumposa mama yetu. Ukumbini palikuwa na mtungi wa Kichina wa bibi yake mama, wa kahawia, rangi imechuruzika mabegani ikagandia njiani. Baba akaupindua. Ulikuwa umejaa maji, yakammwagikia baba mkwe miguuni. Watu walicheka, wakasema kijana ana kiherehere cha uchumba. Siku ya harusi bibi alimpa mama mtungi ule, akatilie maji kwake. Mama husema mpaka leo hajui kati yake na mtungi ni nani aliyeposwa.

Jikoni haukufika. Baba aliupandisha rafuni, katika chumba kilichokuwa kiwe chetu, akaujazia mwingine na mwingine aliyoinunua, na sisi watoto tukalala sebuleni hadi tulipoondoka. Alikuwa na mkono wa upole, lazima niseme. Aliigonga mitungi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama kuna ufa. Alitufundisha kwamba mtungi wa namna ile hauvuji hata tone, lakini kutia maji alikataza. Mama aliweka maji kwenye ndoo ya plastiki, na kila alipodai kilicho chake alijibiwa, "Nikifa utauchukua."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Mama alimwogesha na kumlisha kwa kijiko. Nilipomuuliza hospitalini anataka nini, alisema, "Nani anafuta vumbi kule?" Hakumtaja mtu. Iliniuma, na bado inaniuma. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 mwezi huu.

Asubuhi hiyo mama alipanda kigoda, akaushusha mtungi wake, akausugua kwa sabuni na waya wa masufuria. Rafiki wa marehemu, mkusanyaji mwenzake, alishika kichwa.

"Shemeji, unauharibu. Huu una miaka mia nne."

"Sogea, shemeji, nitie maji," mama alimwambia. "Wageni wana kiu."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na chumba kizima cha mitungi mikavu. Maji mliyopewa leo mlangoni yametoka kwenye ule mmoja. Haujavuja, katika hilo baba alisema kweli. Mungu ampumzishe, na mama yetu naye ampumzishe, angali hai.