Nélida Echenique na Swali la Jumatano

Profesa Nélida Echenique alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 mjini Paysandú, kifungua mimba wa mpima ardhi. Alisoma hapo hapo, kisha Montevideo, alikohitimu hisabati mwaka 1972.

Alifundisha chuo kikuu miaka thelathini na minne, na ndiye aliyeanzisha mihadhara ya utafiti ya kila Jumatano. Aliketi safu ya mbele, chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha chai ya yerba mkononi. Mihadhara mingi ilihusu mafuriko: ili kuyatabiri, kompyuta huugawa mto katika vijisanduku na kukokotoa maji ya kila kimoja. Nélida aliuliza swali moja tu: "Ukivikata nusu, jibu linabaki lile lile?" Likihama, umepima vijisanduku, mto hujaupima.

Mwaka 1975 aliolewa na Ademar Sosa, fundi wa mabasi. Siku ya posa naye aliulizwa: "Na baada ya miaka kumi, jibu litabaki lile lile?" Lilibaki. Walijaliwa binti mmoja, Graciela, anayewasomea haya.

Tarehe 17 Machi 2010, Dakta Walter Bentancor, mkuu wa idara, alionyesha ramani ya mafuriko, ili halmashauri ijenge nyumba mtaa wa La Chirca.

"Walter, umevikata nusu?"

"Doña Nélida, na wewe nawe! Kompyuta ingechukua wiki mbili. Tazama rangi zilivyotulia."

"Rangi zimetulia. Mto je, umeuambia utulie?"

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi, ukahamia kwenye biskuti. Nélida alivikata mwenyewe. Katika hesabu yake, maji yalifika madirishani. Aliomba Jumatano moja tu awaonyeshe, akaambiwa ratiba imejaa.

Nyumba zikajengwa. Ciríaco, mdogo wake, alipewa moja. "Dada, chuo kimesema ni pakavu," alimwambia, akahamia. Desemba 2015 maji yalifika madirishani. Ciríaco aliokolewa juu ya paa. Mkewe, Elsa, hakuokolewa.

Mwaka uliofuata Bentancor alipanda jukwaani kueleza "mafunzo tuliyopata". Vijisanduku vilikuwa vya Nélida, jina lake halipo.

"Umevitoa wapi hivyo, Walter?"

"Ni vya idara, doña. Sisi sote ni familia moja."

Nélida alichukua chupa yake, akatoka, akatapika uani. Kinyaa kile hakikumwisha, na familia yake halisi haioni aibu kukirithi.

Aliugua mapafu Februari 2023, akafariki nyumbani tarehe 6 Juni. Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na Ciríaco, ambaye mpaka leo hajaambiwa samahani na mtu.

Idara imeleta shada. La kuvunda halina ubani, na maua nayo hayalisaidii. Dakta Bentancor, mliyemwona safu ya mbele, aliomba dakika tano za kumsifu marehemu. Familia ilikubali kwa sharti moja: kwanza amweleze Ciríaco, hapa kaburini, kuhusu Jumatano ile. Hakujibu. Ndiyo maana kwenye ratiba mliyoshika, baada ya wasifu huu, pana mstari mtupu.

Nélida apumzike kwa amani. Jibu lake lilibaki lile lile.