Nani Kamwangusha Fundi Saa

Benchi letu liko mlangoni pa hospitali, juu ya ule mteremko wa saruji uliojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu. Pana kivuli, na kile chuma cha wagonjwa kushikilia kinafaa sana kuegemea mgongo na kutundika makoti. Kwa kuwa mteremko umeinama, tumetia matofali chini ya miguu ya benchi upande mmoja, likakaa sawa kabisa. Muuza kahawa yuko juu yetu. Kila akisuuza vikombe anamwaga maji, nasi tunainua miguu yapite. Wiki iliyopita mwenzetu Fundi Saa aliinuka hapa kwenda kupima presha. Tulikuwa tumezama kwenye ubishi wa mpira, tukasikia kishindo tu. Nyonga imevunjika, na kijiwe kizima kina hasira.

Alianza Wakili, tunayemwita hivyo kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakamani.

— Hospitali ndiyo ya kulaumiwa. Mtu anaingia na presha, anatoka na nyonga. Kesi iko wazi.

— Hata hakuingia, nikasema.

— Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Wamemvunja kabla ya kumwandikisha.

Kisigino, fundi viatu wetu, akatikisa kichwa.

— Mimi nalaumu vigae. Vya humo ndani vinang'aa mpaka unajiona meno. Mtu akiviona tu, miguu inalegea.

— Alikuwa bado nje, Kisigino.

— Si aliviona kwa mbali?

Muuza kahawa akasuuza vikombe viwili, akamwaga. Tukainua miguu.

Dereva hajashika usukani tangu macho yaanze kumsumbua, lakini njia zote za mjini anadai anazijua yeye.

— Nyie hamjui biashara. Wodi ya mifupa ilikuwa tupu. Vitanda vimetandikwa, daktari anapiga miayo. Mara Fundi Saa chini. Bahati mbaya hiyo?

— Unataka kusema daktari alimsukuma?

— Amsukume ya nini? Siku hizi wana mashine.

Hiyo mashine ilituingia.

— Basi tudai zulia, akasema Kisigino. Kuanzia getini mpaka chumba cha upasuaji.

— Watu watajikwaa, akasema Wakili. Tudai wagonjwa wabebwe. Na sisi tubaki hapahapa tusimamie, maana tukiondoka nani atawaangalia hawa?

Hapo akaja mwanamke tusiyemjua, anasukuma kiti cha magurudumu. Aliyekaa kitini ni Fundi Saa, kakonda shingo. Nilifurahi kumwona, kisha nikaona aibu, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumjulia hali.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu. Pole na kuuguza, akasema Wakili. Kesi ya baba tunaishughulikia.

— Asanteni. Daktari anamsubiri. Wiki ile aliteleza hapa kwenye maji, sasa naogopa hata kumsimamisha.

Akatazama benchi, matofali, makoti yetu kwenye chuma.

— Baba apite wapi?

Wakili akakohoa. Kisigino akaanza kukagua soli ya kiatu chake. Dereva akageukia barabarani, na mimi nikatazama kikombe changu.

Muuza kahawa, kwa mazoea, akasuuza kikombe, akamwaga. Sote tukainua miguu. Fundi Saa naye akajaribu kuinua wake, akaguna kwa maumivu.