Mpungate Uliodhaniwa Mnyaa

"Ulikuwa mpungate chotara, dungusi la matunda, mzee wangu. Mbeya nzima hukuti matunda mekundu matamu vile," Roza alimwambia Magesa, mzee aliyeketi naye kwenye basi la kutoka Mafinga. "Mama mkwe alipokuja toka Shinyanga akadhani ni mnyaa. Akaung'oa, akauchoma. Ningeanzaje kumgombeza mkwe?"

"Alifanya vyema," akasema Magesa, naye mtu wa Mwanza. "Utomvu wa mnyaa unapofusha watoto."

"Ndivyo alivyosema, kwamba anawaokoa wajukuu."

Abiria wa nyuma, waliojifanya wamelala, wakaacha hata kukoroma.

"Basi mshukuru. Hawajambo hao wajukuu?"

Basi liliposimama Ilomba, Roza alinyanyua kikapu chake taratibu. "Nilikuwa bado sijazaa, mzee wangu. Mpaka leo."