Jina la Tisa kwenye Marejeo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Chuo, Dokta Nurudini, walimu wenzangu, ndugu zetu wa Titye mliofika na matope ya njiani viatuni, wanafunzi mliobanana mlangoni, na wewe Bi Firdausi Mansuri, mkutubi wetu, unayestaafu leo na ambaye nimekuona sasa hivi ukisahihisha ratiba ya sherehe yako mwenyewe: nawasalimu kwa heshima zote, na kwa Kiha chetu: Mwakeye!

Naitwa Therese. Nafundisha kilimo cha mazao hapa chuoni, lakini nilianza kama mwanafunzi, na kama wanafunzi wote nilimwogopa mama huyu kuliko mtihani. Nani humu ndani hajawahi kurudishiwa kazi yake na Bi Firdausi kwa sababu ya nukta iliyokosekana baada ya mwaka? Nani hajaulizwa, kwa ile sauti ya upole inayotisha, "Mchapishaji wake yuko wapi, mwanangu?" Dokta Nurudini, usiangalie pembeni. Tunajua kuwa orodha yako ya marejeo ilirudi mara tatu, na wakati huo ulikuwa tayari mkuu wa idara.

Bi Firdausi alikulia dukani kwa baba yake, hapa sokoni Kasulu. Kila gunia la maharage lilibandikwa karatasi: hili la Muyama, hili la Rungwe Mpya, hili la Titye. Mteja akiuliza yametoka wapi, ajibiwe hapohapo. Tabia hiyo aliihamishia maktaba, na kwa miaka thelathini hakuna sentensi iliyopita mikononi mwake bila kuulizwa imetoka wapi.

Sasa nitawaeleza kosa langu.

Tasnifu yangu ilihusu wakati mzuri wa kupanda maharage huku kwetu milimani. Nilihitaji takwimu za mvua za miaka mingi, na mtu mmoja tu alikuwa nazo: baba mkwe wangu, mkulima wa Titye. Bwana shamba mmoja alipohama alimwachia kipimamvua, na tangu siku hiyo mzee alikisoma kila asubuhi na kuandika daftarini. Miaka thelathini na mmoja! Hakuna ofisi iliyomtuma, wala mtu aliyewahi kumwomba hata ukurasa.

Nilizitumia namba zake zote. Lakini nilipofika kwenye marejeo niliandika: "Mkulima mmoja, Titye." Wenyeji mmeshanielewa. Nilivyolelewa, mke hataji jina la baba mkwe wake. Hatamki, na mimi hata kuliandika mkono ulikataa. Nilidhani namheshimu.

Bi Firdausi aligoma kusaini fomu yangu ya kuwasilisha tasnifu. "Mkulima huyu hana jina?"

"Analo, bibi. Ni baba mkwe wangu. Siwezi."

"Basi na mimi siwezi. Mtahini akiuliza mvua hii aliipima nani, utamwambia mtu mmoja? Atasema umeitunga."

Zilibaki siku tatu tu kabla ya tarehe ya mwisho. Bila saini ile, miaka yangu mitatu ilikuwa imekwisha bure. Niliondoka nalia, na nakiri mbele yenu, njiani nilimtukana kimoyomoyo.

Kesho yake maktaba ilifungwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Bi Firdausi alikuwa amepanda bodaboda kwenda Titye kwenye mvua, tasnifu yangu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alimkuta mzee akipalilia, akamwonyesha orodha, akamwomba aandike jina lake mwenyewe. Mzee aliuliza kwa nini jina la ukoo litangulie. "Kwa sababu wao walitangulia," Bi Firdausi akamjibu. Mzee akacheka, akanawa mikono, akaandika. Kisha, kama nilivyosimuliwa, aliingia ndani akavaa koti lake la kanisani, akatoka kulisoma tena.

Bi Firdausi aliporudi alinionyesha jina lile kwenye orodha na kuniambia maneno ambayo nayarudia kwa kila mwanafunzi wangu: "Aibu yako naiheshimu, Therese. Lakini jina ni lake, si lako kulificha." Akalichapa yeye mwenyewe, na nukta zake zote, kisha akasaini.

Ndugu zangu, baba mkwe alifariki mwaka juzi. Daftari lake limo ndani ya maktaba hii, na hadi leo limetajwa kwenye tasnifu kumi na nne za vijana wetu. Mtu aliyepima mvua peke yake leo anatajwa na watu asiowajua. Tunapoulizana nukta iwekwe wapi, tunaulizana hilo: nani aliifanya kazi hii kabla yetu? Bi Firdausi, wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza, na nakupenda kwa hilo.

Mimi bado siwezi kulitamka jina lake. Nimeishika tasnifu yangu hapa, ukurasa wa mwisho, mstari wa tisa. Mama, nakuomba usimame, unisaidie kwa mara nyingine.

(Bi Firdausi anasimama, anavaa miwani, anasoma: "Niyomwungere, Evaristi. Daftari la mvua. Titye, Kasulu. Halijachapishwa.")

Makofi hayo mgawane, mama, wewe na yeye. Nami nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.