Yakobo Kashindye Masalu na Mpango Uliofungiwa Kabatini

Mchungaji wetu, Mwenyekiti wa Kijiji Mzee Luhaga, wifi yangu Truphosa na watoto, ndugu wa Magu na ndugu wa Mara mliovuka ziwa tangu juzi, na ninyi nyote wa kisiwa hiki cha Nyamisogo, wazee wangu shikamooni, na wengine poleni kwa msiba. Mimi ni Sabina Masalu, mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Pasiansi, Mwanza, na marehemu ni kaka yangu ninayemfuata kwa kuzaliwa. Kamati ya mazishi ilinipa karatasi yenye mistari kumi na tisa niisome hapa, nimeisoma jana mara tatu, sikuona uongo ndani yake, ila sikumwona kaka yangu, kwa hiyo nitasoma ya kwangu, na ninaomba mnivumilie hadi mwisho.

Marehemu Yakobo Kashindye Masalu alizaliwa tarehe 3 Mei 1944 nyumbani kwetu Magu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Masalu, mkulima wa pamba na mfugaji, na Mama Ng'washi, wote wawili wametutangulia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Magu kuanzia mwaka 1953 hadi 1956, akaendelea na shule ya kati kuanzia 1957 hadi 1960, akamaliza darasa la nane kwa alama nzuri, na katika miaka hiyo yote sisi ndugu zake tulimwita mwoga, kwa sababu aliingiza ndama zizini wingu likiwa bado mbali, nasi tukimcheka tukiwa tumekaa juu ya mawe, hadi mvua itukute huko huko juu ya mawe.

Januari 1962 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, akafanya kazi hapo kwa miaka tisa, na ni hapo alipokutana na jambo ambalo hakulisahau. Agosti 1966 ghala la pamba lilishika moto mchana kweupe, ukutani palikuwa na ndoo nyekundu kumi na mbili za mchanga wa kuzimia moto, zimeandikwa kwa herufi kubwa, na watu walipozikimbilia walizikuta tupu, mchanga ulishamwagwa siku nyingi, ndoo zikawa za kuogea, na wapagazi wawili waliungua hadi kufa wakati wenzao wameshika ndoo mikononi. Kaka yangu alipata kuniambia kwamba kilichomuuma ni kuwa kila Jumatatu yeye mwenyewe alizipita zile ndoo akazihesabu, zikatimia kumi na mbili, asiangalie ndani.

Mwaka 1971 alihamishiwa hapa Nyamisogo kuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, akakabidhiwa pia boti ya ushirika, ile ya mbao yenye injini ya ndani, iliyobeba pamba na mpunga kwenda Mwanza, na ikibidi ikabeba mama mjamzito, aliyeumwa na nyoka, au waliozidiwa na mawimbi. Tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa ya Kikristo na Truphosa Atieno Okech, muuguzi wa zahanati ya hapa, binti wa familia ya wavuvi wa Mara, na wazee wa Magu walionung'unika wakati ule kwamba ameoa mbali wapo hapa leo, wanakula chakula kilichopangwa na huyo huyo wifi yangu, na hawanung'uniki. Mungu aliwajalia watoto watatu, Nathaniel mwaka 1974, Winnie mwaka 1977 na Zadok mwaka 1981.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya kamati ilisema tu kwamba marehemu alishiriki shughuli mbalimbali za maendeleo. Mwaka 1991 waraka ulishuka kutoka juu, ukitaka kila kata iandike mpango wake wa kujiandaa na maafa, kata nyingine zikanakili maneno ya waraka zikayarudisha kama yalivyokuja, lakini Yakobo, aliyechaguliwa kuwa katibu wa jambo hilo kwa kuwa tu alikuwa na mwandiko mzuri, alizunguka kisiwa kizima kwa miguu kwa miezi minne, akauliza nani ana mtumbwi usiovuja, nani anajua kuogelea, nani ana blanketi la ziada. Mpango wake wote ulisimama juu ya boti ya ushirika. Mwaka 1994 ushirika ulikufa, yeye akapunguzwa kazini, na boti ikauzwa kwa mnunuzi wa sangara, tukaambiwa hizi ni zama za soko huria na kila mtu ajipange mwenyewe, na wiki ile ile boti ikaanza kupita mbele ya gati letu imejaa barafu na samaki wa viwandani, bila kusimama.

Mtu mwingine angetupa kalamu. Kaka yangu alikaa akafikiri, akajiuliza ni kitu gani katika kisiwa hiki hakijawahi kushindikana hata mara moja, jibu likawa ni mazishi. Mtu akifa hapa, saa moja haipiti kabla kamati haijakaa, huyu analeta turubai, huyu mtumbwi, huyu injini, akina mama wanagawana kuni na masufuria, vijana wanajua nani anachimba na nani anachota maji, wala hakuna anayesubiri barua ya serikali. Basi akaandika upya, akasema kamati ya mazishi ya kila kitongoji iwe ndiyo kamati ya maafa, ikae kabla mtu hajafa. Ukurasa wa tatu, ninao hapa mkononi, unasema mtumbwi mkubwa ni wa Mayala, injini ni ya Chenge, petroli lita ishirini zikae stoo ya kanisa na zisiguswe kwa shughuli nyingine, na hatari ikitokea ringi la kengele ya shule ligongwe mfululizo bila kukoma.

Tarehe 11 Machi 1995 aliusoma mbele ya mkutano wa kijiji, na hakufika ukurasa wa nne. Mlimwambia anawachuria, mkauliza mtu mwenye akili anaundaje kamati ya mazishi hakuna maiti, mama mmoja ambaye jina la mwanawe lilikuwa kwenye orodha ya waogeleaji alisimama akataka lifutwe hapo hapo, na Mzee wangu Luhaga, shikamoo yangu umeipokea, na hili pia naomba ulipokee, wewe ndiye uliyeuchukua mpango ukaufungia kwenye kabati la ofisi na kusema uchuro huo usitoke tena. Na mimi mwalimu, niliyekuwa nikifundisha watoto wa watu kwamba hakuna uchuro, nilimwandikia barua kutoka Pasiansi nikimsihi aache kuandika majina ya watu walio hai na afya zao kana kwamba wanangoja kufa. Barua hiyo wifi ameikuta kwenye sanduku la marehemu juzi, imekunjwa vizuri.

Jumamosi tarehe 14 Februari 1998, katika zile mvua kubwa, boti ya abiria iliyokuwa ikirudi kutoka gulioni ilipinduka saa tisa alasiri mbele ya gati hili, karibu kiasi kwamba mliokuwa nchi kavu mliwatambua watu kwa nguo zao. Wenye mtumbwi walikimbia kutafuta mwenye injini, mwenye injini alikimbia kutafuta mafuta, waliokuwa na makasia walidhani wengine wameshatangulia, na dakika arobaini zikapita hivyo hivyo kwa kukimbia na kulia. Yakobo na Truphosa waliingia katika mtumbwi wao mdogo unaovuja, yeye akipiga kasia na mkewe akikumba maji kwa sufuria, wakaokoa watu wanne, mmoja wao akiwa mjukuu wa Mzee Luhaga. Waliokufa ni ishirini na watatu. Na miili ilipoanza kuletwa, kamati ilikaa ndani ya saa moja, ikapata mitumbwi kumi na moja, injini tatu, na petroli ikabaki. Kwa wafu tulipata mitumbwi kumi na moja, ndugu zangu, na kwa walio hai tulipata mmoja unaovuja.

Baada ya hapo mlisema yeye ndiye aliyeyaita. Hilo ndilo lililonileta hapa mbele leo nikiwa na hasira, nami siifichi. Mlisema aliyaandika yakaja, mkaacha kumkaribisha penye maongezi, benchi lake kanisani likabaki la watu wawili, yeye na mkewe, na watu aliowatoa majini walimsalimia kwa mbali. Yeye kila Jumatatu alishuka gatini kuangalia kama mitumbwi inavuja.

Afya yake ilianza kuzorota Septemba 1998, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na madaktari wa Mwanza wakagundua moyo umepanuka. Alitibiwa akapata nafuu, lakini asubuhi ya Jumatano tarehe 9 Juni 1999 alizidiwa ghafla, mkewe na Nathaniel wakamfikisha gatini saa tatu, akalazwa juu ya mkeka, na hapo akangoja usafiri hadi saa tisa alasiri, kwa sababu Mayala alikuwa na mtumbwi akimngoja Chenge, Chenge alikuwa na injini akingoja mafuta, na mafuta hayakuwa ya mtu yeyote. Alifika hospitali saa kumi na mbili jioni, akafariki saa moja na nusu, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Daktari alimwambia wifi yangu, kwa upole, kwamba angefika mchana wangekuwa na la kufanya. Jana mwili wake uliletwa nyumbani na mitumbwi mitatu yenye injini, ukifuatwa na mmoja wa akiba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Mchungaji na wanakwaya, majirani wa Pasiansi walionisindikiza, wafanyakazi wenzake wa zamani wa ushirika, na akina mama wa kisiwa hiki ambao tangu jana hawajaketi. Namshukuru Chenge kwa injini, na Mayala kwa mtumbwi, nanyi mnajua ninavyowashukuru. Mzee Luhaga amenipa ufunguo wa kabati asubuhi hii bila kuombwa, akauweka mkononi mwangu akageuka, na ndiyo maana ukurasa wa tatu ninao, hivyo naye namshukuru.

Asubuhi hii nimelinganisha orodha ya kamati iliyomzika Yakobo na orodha aliyoiandika Yakobo, na kati ya watu kumi na saba, kumi na wanne ni wale wale, kazi zile zile. Tulimwita mleta uchuro, na siku aliyokufa tukatekeleza mpango wake karibu wote, tukiwa tumechelewa saa sita.

Desturi yetu ni kwamba kaburi likishafunikwa, mwenyekiti anasimama kushukuru na kuivunja kamati. Kwa niaba ya mjane na watoto naomba leo asisimame, kamati isivunjwe, turubai zirudi kwa wenyewe lakini majina yabaki, na petroli iliyobaki kwenye madumu yale pale ihamishiwe stoo ya kanisa kabla watu hawajatawanyika.

Kaka Yakobo, ndama wote wako zizini, wewe pumzika kwa amani, na sisi tunyanyue madumu.